Madirisha Matatu ya Uongo

Sanduku la Hester Quayle liliwekwa juu ya meza ya jikoni ya jumba la Pellingham saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, na Inspekta Noah Hallam hakulifungua mpaka alipomaliza chai yake. Kiu hakuwa nayo. Alitaka kwanza kumtazama mzee Quayle akilitazama.

Mzee huyo, karani mstaafu wa posta kutoka Derby, alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile tangu jana mchana, kofia magotini, hali wala hanywi. Hester ndiye mtoto wake wa pekee. Sanduku lilikutwa Jumanne usiku kwenye treni ya Birmingham, halina mwenyewe, na kwa siku mbili polisi wa wilaya tatu wameipita reli yote wakichungulia kila mtaro. Walichopata ni kondoo mfu na mwavuli.

"Mzee wangu," alisema Hallam, "nitatoa kitu kimoja kimoja. Wewe niambie tu, ni chake au si chake."

"Haya."

Gauni la kulalia. Chake. Sweta mbili, kalamu za risasi, soksi za sufu alizofumiwa na marehemu mama yake. Vyake vyote. Kisha Hallam akatoa viatu vyeusi vya kutokea, akaviweka mezani, na chini kabisa, vimefungwa kwenye gazeti, akatoa buti za ngozi zenye matope makavu.

"Ana jozi ngapi za viatu, binti yako?"

"Hizo mbili. Mshahara wenyewe mdogo." Mzee alifikiri kidogo. "Na ndara za kitambaa. Kazi yake ni kupima majumba ya watu, na wenye majumba hawapendi sakafu zao zikwaruzwe. Akiingia tu ndani, anavua buti, anavaa ndara."

Hallam aliligeuza sanduku juu chini, akalikung'uta. Ndara hazikuwemo.

Sajini Cyril Dobbs, aliyekuwa ameegemea mlango akila mkate wa watu bila kukaribishwa, aliacha kutafuna. "Kwa hiyo alipanda treni na ndara, afande?"

"Mvua ya Jumanne unaikumbuka? Njia ya stesheni ina matope hata ng'ombe wanakwama. Wewe ungetembea na ndara?"

"Mimi hata na buti nilianguka."

"Basi." Hallam alimgeukia mzee. Hakupenda alilotaka kusema, lakini mtu aliyekesha siku tatu ana haki ya kuambiwa ukweli. "Mzee Quayle, aliyepanda treni ni sanduku. Binti yako hajatoka ndani ya nyumba hii."

Mzee alisimama, kofia ikaanguka. "Mzima?"

"Sijui."

"Niambie tu."

"Ningejua ningekwambia, wallahi. Kaa. Kunywa chai hiyo."

Shida ilikuwa kwamba nyumba ilishapekuliwa, tena mara mbili. Dobbs mwenyewe aliizunguka Jumatano akiwa na shada zima la funguo: vyumba thelathini na vinne, ghala la mvinyo, dari, hata tanuri la mkate. Lakini Pellingham haikuwa nyumba moja. Ilikuwa nyumba kuukuu ya mbao na mawe, imejikunja kama mzee mwenye baridi, na mwaka 1724 babu mmoja wa ukoo wa Lyddon, wenye nyumba hiyo, akaona haya, akaivisha mbele ukuta mpya wa mawe meupe wenye madirisha ya kupangana kama askari kwenye gwaride. Nyuma yake nyumba ya kale akaiacha vilevile. Mjukuu akaongeza bawa la mashariki, kitukuu akabomoa ngazi na kujenga nyingine, na kila mmoja alipokuja alikuta maajabu ya aliyemtangulia akayafunika kwa maajabu yake.

"Mlipekua vipi?" aliuliza Hallam.

"Mlango kwa mlango, afande. Kila mlango wenye ufunguo tuliufungua."

"Na usio na ufunguo?"

Dobbs alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Bi. Maud Pritchard aliingia na ndoo ya makaa. Ndiye msimamizi wa nyumba. Zamani alikuwa na watumishi kumi na wanane chini yake, siku hizi yeye ndiye mpishi, mfagiaji na mwashaji moto, umri sitini na mbili na magoti yameshaanza kumlalamikia. Hallam alimpokea ndoo, akamvutia kiti.

"Bi. Pritchard, tangu Jumanne, kuna jambo lolote ndani ya nyumba hii ambalo si la kawaida?"

"Polisi kula mkate wangu wote, hilo tu."

"Na kingine?"

Alifikiri, akijifuta mikono. "Panya, labda. Jumanne na Jumatano waligonga ukutani, juu, upande wa chumba cha bluu. Wakubwa hao! Nikamwambia Bwana, Sir Gervase, naye akasema atatega sumu mwenyewe."

"Ametega?"

"Nadhani. Tangu jana wamenyamaza."

Mzee Quayle alimtazama Hallam. Hallam hakumtazama mzee.

"Tena?" aliuliza, sauti yake vilevile.

"Tena nini... Ah, gundi! Jumanne jioni Bwana alinitaka nimpikie gundi ya unga, sufuria nzima. Anasema karatasi ya ukutani chumba cha bluu imebanduka kwa unyevu. Nikamwambia Bwana, tumwite fundi kutoka Ludlow. Akakataa, akasema ataibandika mwenyewe." Alitikisa kichwa. "Mtu ambaye hakuwahi kuvaa soksi zake bila msaada mpaka alipotimiza miaka ishirini!"

"Hajawahi kukuomba gundi kabla ya hapo?"

"Mara moja tu. Zamani sana, kabla ya vita."

"Na mwosha madirisha? Nimeambiwa huja Ijumaa."

"Huja. Ila wiki hii Bwana kamzuia, upande wa kusini asioshe. Miaka kumi na mitano sijaona upande wa kusini ukaachwa. Hata yale ya uongo tunayaosha."

Hallam alikuwa ameshasimama kuchukua koti. Akasita, mkono mmoja ndani. "Yapi hayo ya uongo?"

"Matatu yale ya juu, upande wa kushoto. Kulia kulikuwa na madirisha na kushoto hakuna, basi yule babu akaona nyumba itaonekana chongo. Akaweka fremu na vioo, nyuma yake ubao mweusi. Ukiwa nje huwezi kujua. Kila mtoto wa kijiji hiki anafahamu kuwa nyuma yake hakuna kitu."

"Na bado mnayaosha?"

"Inspekta," alisema Bi. Pritchard, kama anayemfundisha mtoto, "dirisha la uongo likiwa chafu, si litajulikana ni la uongo? Watu watasemaje?"

Nje sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imeanguka usiku kucha na nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika chini ya buti. Baba yake Hallam alikuwa seremala, na mtoto wa seremala hajui kutazama nyumba bila kuipima. Alimweka Dobbs kwenye kona ya magharibi, akahesabu hatua zake kwa sauti mpaka mlango mkuu. Kisha wakaingia ndani, wakapanda ngazi, wakahesabu tena ghorofani, chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, mpaka mahali palepale juu ya mlango.

"Nje futi arobaini na sita," alisema Dobbs, akisoma daftari lake. "Ndani... afande, ndani thelathini na tano."

"Umeongeza unene wa kuta?"

"Nimeongeza. Futi kumi na moja zimekwenda wapi?"

"Ndivyo alivyouliza Hester." Hallam alishuka ngazi mbili mbili. "Daftari lake lilikuwa chumbani kwake, kurasa za mwisho zimechanwa. Alipima nje, akapima ndani, na kwa kuwa ni msichana mwema mwenye adabu zake, akamwuliza mwenye nyumba. Sir Gervase alikubali nyumba yake ipimwe kwa sababu majirani wote wamekubali, kukataa kungetia shaka. Aliogopa macho ya wageni miaka yote, Dobbs. Futi ya kupimia hakuifikiria."

Walirudi kwenye nyasi, wakainua macho. Madirisha kumi na moja ya juu, sawa sawia, yaking'aa. Matatu ya kushoto yalikuwa meusi. La kwanza, jeusi tititi. La pili, vilevile. La tatu nalo jeusi, isipokuwa kioo kimoja cha chini, pembeni, kilichokuwa na weupe kidogo, upana wa kiganja.

"Sakitu," alisema Dobbs.

"Sakitu ingeshika vyote. Tazama."

Walitazama. Ule weupe ulififia, ukakaribia kwisha. Kisha ukarudi. Ukafifia tena.

"Mungu wangu," alisema Dobbs. "Kinapumua."

Ngazi ya mwosha madirisha ilikuwa bandani. Hallam aliisimika ukutani, akaipanda kwa pupa, mikono ikinata kwenye mbao za barafu. Kupitia kioo aliona ubao mweusi, mnene, umepigiliwa misumari mikubwa kwa ndani, na kwenye ubao ufa mwembamba wa kupitisha kisu. Kwenye ufa ule ndiko ukungu ulikotoka.

Aligonga kioo. Kimya. Akagonga tena, na pale akasikia sauti ya mtu kutoka chini ya ngazi.

"Ngazi hiyo kuukuu, Inspekta."

Sir Gervase Lyddon alikuwa amesimama chini, mrefu, mvi zimechanwa vizuri, koti la sufu na mbwa wake pembeni. Mkono mmoja ulikuwa juu ya mguu wa ngazi, kwa upole, kama mtu aliyeshika bega la rafiki. "Mtu akianguka kutoka hapo, atavunjika shingo. Shuka, kijana."

"Nashuka, Sir Gervase. Nikimaliza."

"Una hati ya upekuzi?"

"Sina."

"Najua huna. Hati za wilaya hii hutiwa saini na hakimu wa wilaya hii, na hakimu ni mimi." Alitabasamu. Ngazi ilicheza kidogo. "Na jioni hii nakula chakula na mkuu wako wa polisi."

Dobbs alikuja akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, mwili wake mnene ukajaa katikati ya ngazi na mwenye nyumba. "Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Afande wangu ana watoto wanne."

Hallam alivunja kioo kwa kiwiko. Mbwa alibweka. Aliweka mdomo kwenye ufa, na hewa iliyotoka humo ilikuwa baridi, yenye harufu ya vumbi na kitu kingine kilichooza zamani hata kikasahau kunuka.

"Hester! Baba yako yuko jikoni. Ukinisikia, fanya chochote."

Alihesabu mpaka tisa. Kisha upande wa pili wa ubao ukucha ulikwaruza, mara moja, polepole.

Aliteremka kwa kuserereka. "Hati ya upekuzi ni ya kutafuta," alimwambia Sir Gervase, viganja vinavuja damu. "Mimi nimeshapata. Dobbs, mshike mkono, usimwachie. Bi. Pritchard! Shoka!"

Chumba cha bluu kilikuwa fahari ya Pellingham. Karatasi yake ya ukutani ililetwa kutoka China kwa meli enzi za mababu, imechorwa kwa mkono, ndege na matawi, bluu ya alfajiri. Ilifunika kuta nne zote, na mlango wa kuingilia ndio pekee ulioonekana. Mzee Quayle alikuwa amewafuata, hakuna aliyethubutu kumzuia. Alianza kupiga ukuta kwa ngumi, huku na huku, akimwita mwanawe.

"Mzee, mawe yana unene wa futi mbili," Hallam alimshika. "Tukivunja pasipo na mlango tutachukua saa nzima, na saa nzima hatuna. Mlango upo. Nyamaza nitazame."

"Hakuna mlango," alisema Sir Gervase, akiwa mkononi mwa Dobbs. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Nimezaliwa katika chumba hiki."

Hallam aligusa karatasi. Yote ilikuwa kavu. Gundi ya siku tatu, na moto umekokwa humu usiku na mchana. Akagonga, lakini kila mahali palilia sawa. Akarudi nyuma mpaka katikati ya chumba, akatazama ndege. Walikuwa mamia. Kwenye ukuta wa dirishani wote wamesimama matawini. Kwenye ukuta wenye meko wote wamesimama. Kwenye ukuta wa kusini, kati ya kabati na kona, kipande kimoja kirefu...

Alicheka, na kicheko chenyewe kilimtisha Dobbs.

"Baba yangu alipokuwa akinifundisha kazi, alinizaba kofi kwa kosa hili. Fundi yeyote wa kijijini, hata mlevi, huanza kwa kuuliza juu ni wapi." Alinyoosha kidole. "Ndege hawa wananing'inia kichwa chini, Sir Gervase. Katika maisha yako yote, hukuwahi kubandika karatasi mchana, na ulipobandika ulibandika usiku, peke yako, una haraka."

Bi. Pritchard, aliyesimama mlangoni na shoka, aliwatazama ndege wale, mdomo wazi. Jumatano na Alhamisi alikuwa amepangusa vumbi humu, hakuona.

"Mnaharibu kitu cha miaka mia mbili," alisema Sir Gervase, Hallam alipochomoa kisu. Hapo tu ndipo sauti ilipomtetemeka. "Mwaka elfu moja mia saba... tafadhali. Taratibu na karatasi."

Kisu kilipita kutoka juu mpaka chini. Chini ya karatasi kulikuwa na turubai, na chini ya turubai mlango wa nyumba ile ya kale, mfupi, wa mwaloni mweusi, wenye komeo la chuma unene wa mkono. Halikuwa na kutu. Hallam alilivuta, akainama, akaingia.

Palikuwa uchochoro, si chumba: ukuta wa zamani upande mmoja, ukuta wa babu wa 1724 upande wa pili, na kati yao giza la futi kumi na moja kwa sita ambalo hakuna aliyejua la kulifanyia. Chini ya ufa wa mwanga alikuwa amejikunja msichana, ndara miguuni, uso uking'aa kwa homa, mdomo wake kwenye mbao. Amejifunika koti refu la manyoya mpaka masikioni.

"Baba," alisema.

Mzee Quayle alimsukuma Inspekta mzima pembeni kama pazia. Alimwinua binti yake pamoja na koti lake, akambeba mwenyewe, na miguu yake ya karani haikuyumba hata kidogo mpaka alipomlaza mbele ya moto. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele za watu, bila haya.

"Alinifungulia mwenyewe," alinong'ona Hester, Hallam alipomnywesha maji kwa kijiko. "Nilimwambia kuna nafasi nyuma ya ukuta. Akasema, wacha nikuonyeshe. Akanipa mshumaa. Nikaingia nikifurahi."

"Usiseme sana."

"Ningekufa kwa baridi usiku wa kwanza. Huyu mama ndiye aliyeniokoa."

"Mama yupi?"

Hester aligeuza macho kuelekea mlango mfupi. "Yule aliyekuwa na koti. Nililivua kwake. Nilimwomba radhi kwanza."

Dobbs alimwachia Sir Gervase mkono, kwa kuwa hakukuwa tena na haja. Bwana huyo alikuwa ameketi kwenye kiti, akiokota vipande vya karatasi sakafuni na kuvilinganisha magotini, bawa na bawa. Sajini aliwasha tochi, akamulika ndani ya uchochoro. Akaimulika kona ya mbali, akakaa nayo hapo. Kisha akavua kofia.

Bi. Pritchard hakwenda kutazama. Alikuwa amepiga magoti kando ya Hester, anashika upindo wa lile koti la manyoya, anaugeuza, anatafuta kitu. Alikipata: kiraka kidogo ndani ya mkono wa kushoto, uzi wa kahawia, mshono wa hodari.

"Hiki nilishona mimi," alisema. "Koti la Bibi mwenyewe, Lady Rosalind, mke wa Bwana. Alikimbia na mwanamume, akaenda Kanada, mwaka wa thelathini na nane. Aliondoka amevaa koti hili, Bwana alituambia sote, tukiwa tumepanga mstari ukumbini. Kila Krismasi alitusomea kadi yake."

Alilaza mkono wake juu ya kiraka, akaubana.

"Nikamchukia, Inspekta. Miaka kumi na mitano nimepangusa vumbi ukuta huu nikimchukia kwa kutuacha." Alimwangalia mtu aliyekuwa kitini na vipande vyake vya ndege. "Na gundi ile ya kwanza pia niliipika mimi."